Sabufa ya Gari Yenye Koili Mbili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuifunga kwenye Amplifaya

Sabufa ya koili mbili inafungika kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazilingani. Moja itaipa amplifaya mzigo inaoumudu. Nyingine itaiunguza, hata kama nyaya zote zinaonekana zimekaa sawasawa. Ukiwa na swali moja tu, anza na la 5 na la 6.

## Kuijua sabufa yako

1. Nitajuaje kama sabufa yangu ina koili mbili?

Igeuze uhesabu pini za kuunganishia waya. Ya koili moja ina pini mbili, chanya na hasi. Ya koili mbili ina nne: chanya na hasi upande mmoja wa sumaku, na jozi nyingine upande wa pili. Ndani yake, bomba linalopanda na kushuka kwenye sumaku limezungushiwa nyaya mbili zisizogusana, na kila mmoja ni koili kamili. Kwenye kibandiko cha nyuma utaona DVC (koili mbili), D2 (kila koili ni omu 2), D4 (kila koili ni omu 4), au maandishi kama 2Ω+2Ω. Omu, yaani Ω, ni kipimo cha ukinzani wa koili.

Ukiinunua ikiwa tayari ndani ya boksi, usiamini pini mbili za nje ya boksi. Kuna mtu ameshaamua ndani jinsi koili zilivyounganishwa, na huenda amplifaya yake haikuwa kama yako. Fungua skurubu, itoe sabufa, ujionee mwenyewe.

2. Koili mbili zinapiga kuliko moja?

Hapana. Sabufa mbili za toleo moja, zenye wati RMS (za kuendelea) sawa na boksi sawa, zitapiga sawa hata kama moja ina koili moja na nyingine ina mbili. Unachopata ni uhuru wa kuchagua omu.

3. Ninunue D2 au D4?

Amplifaya ndiyo inayoamua. Soma kwenye kitabu chake au kwenye bodi yake: omu ya chini kabisa inayoruhusiwa ni ngapi? Kama ni amplifaya ya chaneli moja inayoruhusu omu 1, sabufa moja ya D2 itaifaa. Kama inaishia omu 2, chukua D4. Kama utatumia amplifaya ya chaneli mbili au nne kwa kubriji (kuunganisha chaneli mbili ziendeshe sabufa moja), chukua D2 uifunge mfululizo upate omu 4. Kwa sabufa mbili, soma swali la 7 kabla hujalipa, maana hesabu inageuka.

4. Imeandikwa omu 4 lakini multimita inasoma 3.4. Ni mbovu?

Ni nzima. Multimita inapima ukinzani wa waya ukiwa umetulia, ilhali namba ya kiwandani ni makadirio ya ukinzani wakati sauti inapita. Koili ya omu 4 kwa kawaida husoma kati ya 3.2 na 3.8, na ya omu 2 husoma kati ya 1.6 na 2. Kabla ya kupima, gusanisha ncha mbili za multimita uone inasoma ngapi. Za bei nafuu husoma 0.3 hadi 0.5, na kiasi hicho unakitoa kwenye kila kipimo. Ukipima omu 1 bila kukitoa, utapotea kabisa.

Jambo la kuangalia ni kama koili mbili za sabufa moja zinakaribiana. Moja ikisoma 3.5 na nyingine 1.2, hiyo ya pili imeungua kwa ndani na mizunguko yake inagusana.

## Hesabu ya omu

5. Mfululizo na sambamba, waya unapita wapi?

Mafundi wengi husema sirizi na paraleli. Ni vitu hivyohivyo.

Mfululizo: chanya ya amplifaya iende kwenye chanya ya koili ya kwanza. Hasi ya koili ya kwanza iunganishwe na chanya ya koili ya pili kwa kipande kifupi cha waya. Hasi ya koili ya pili irudi kwenye hasi ya amplifaya. Umeme unapita koili moja kisha nyingine, na omu zinajumlishwa.

Sambamba: chanya zote mbili ziunganishwe pamoja ziende kwenye chanya ya amplifaya, na hasi zote mbili pamoja ziende kwenye hasi. Umeme unagawanyika njia mbili, na kwa koili zinazolingana omu zinakuwa nusu.

6. Kwa sabufa moja nitapata omu ngapi?

- D2 mfululizo: omu 4
- D2 sambamba: omu 1
- D4 mfululizo: omu 8
- D4 sambamba: omu 2

Hakuna ufundi wa kupata omu 2 kwenye waya mmoja kutoka D2 moja, wala omu 4 kutoka D4 moja, ukiwa unatumia koili zote mbili. Watu hulijua hili wakiwa wameshanunua. Njia iliyobaki iko kwenye swali la 20.

7. Na nikiwa na sabufa mbili?

Piga hesabu kwa hatua mbili: kwanza ndani ya kila sabufa, halafu kati ya sabufa na sabufa.

D4 mbili, koili zote nne sambamba: omu 1. D4 mbili, kila moja mfululizo kwa ndani (8), kisha sabufa zote mbili sambamba: omu 4. D2 mbili, kila moja mfululizo kwa ndani (4), kisha sambamba: omu 2. D2 mbili zote sambamba ni omu 0.5, na hapo amplifaya za kawaida hazifiki salama.

Kuna mtego mmoja unaoua amplifaya nyingi za chaneli moja. Nyingi zina jozi mbili za pini za spika, chanya mbili na hasi mbili, na mtu hudhani ni chaneli mbili. Kwa ndani zimeunganishwa pamoja. Ukiweka sabufa moja ya omu 1 kwenye jozi hii na nyingine ya omu 1 kwenye jozi ile, umeshazifunga sambamba: amplifaya inaona omu 0.5.

8. Omu zikishuka wati zinapanda. Kwa nini nisishuke hadi 1 moja kwa moja?

Ni kweli zinapanda, kwa sababu volti zilezile zinasukuma umeme mwingi zaidi. Lakini ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linazisikia kama ongezeko dogo. Gharama yake ni joto zaidi kwenye amplifaya na mzigo mkubwa zaidi kwa betri na altaneta. Amplifaya yako ikitoa wati 400 RMS kwenye omu 2 na 600 kwenye omu 1, na sabufa yako inabeba 400, funga omu 2 utulie.

9. Kubriji amplifaya ya chaneli nne kuna hatari gani?

Ukibriji chaneli mbili, kila chaneli inabeba nusu ya omu ulizofunga. Mzigo wa omu 4 kwa briji ni sawa na omu 2 kwa kila chaneli, na huo ndio mwisho wa amplifaya nyingi za aina hii. Kwa hiyo D2 mfululizo ni salama. D4 sambamba kwa briji inaipa kila chaneli omu 1, na itajizima ili kujilinda au iungue. Maandishi "imara hadi omu 2" kwenye amplifaya hizi huwa yanahusu chaneli moja moja, si briji. Tafuta namba ya briji peke yake.

10. Amplifaya yangu imeandikwa wati 5000. Nitajuaje wati zake za kweli?

Angalia fyuzi zake za pembeni. Jumlisha ampea, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.75 kama ni ya daraja D au 0.55 kama ni ya daraja AB. Fyuzi mbili za ampea 25 kwenye daraja D: 50 × 13.8 × 0.75, yaani karibu wati 517. Hizo ndizo za kupangia hesabu. Namba iliyo kwenye kifuniko ni ya kuuzia.

## Kufunga

11. Nifuate mpangilio gani?

1. Ondoa waya hasi wa betri. Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote.
2. Vuta waya wa umeme kutoka betri hadi kwenye buti. Panapopita kwenye ukuta wa injini weka raba, maana bati linakata ganda la waya polepole na gari linawaka moto.
3. Weka kishikilia fyuzi karibu na betri, lakini fyuzi yenyewe usiiweke bado.
4. Vuta nyaya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redio) na waya wa rimoti (unaoiwasha amplifaya) upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme.
5. Funga arthi, waya hasi wa amplifaya kwenye bodi ya gari (swali la 14).
6. Unganisha koili kama ulivyopanga, kisha pima omu kwenye ncha za waya zitakazoingia kwenye amplifaya. D4 sambamba isome karibu 1.7, D2 mfululizo karibu 3.5. Namba isipokubaliana na hesabu yako, usiendelee.
7. Ingiza nyaya za spika kwenye amplifaya. Hasi ya spika isiguse bodi ya gari kamwe.
8. Shusha geini (swali la 16) hadi chini kabisa, weka fyuzi, rudisha hasi ya betri, washa.

Hatua ya 6 inachukua dakika moja, na ndiyo inayorukwa zaidi.

12. Ndani ya boksi nitumie waya gani?

Waya wa nyuzi nyingi wa milimita 2.5 za mraba unatosha kwa sabufa ya hadi wati 500 hivi. Zaidi ya hapo tumia wa milimita 4. Usitumie waya wa nyumba wenye shaba moja nene. Boksi linatetemeka muda wote, na waya wa aina hiyo huchoka na kukatika kwenye pini. Nyaya zifunge kwa kamba za plastiki ili zisigonge karatasi ya sabufa.

13. Waya wa umeme na fyuzi viwe na ukubwa gani?

Tafuta ampea kwanza: wati RMS za amplifaya gawanya kwa 0.8, kisha kwa 13.8. Wati 500 ni karibu ampea 45, na wati 1000 ni karibu 90. Kwa gari dogo, ambapo waya hufika mita 5 hivi hadi kwenye buti, geji 8 ya shaba tupu inatosha hadi ampea 40 au 50, geji 4 hadi 100, na geji 0 hadi 250. Fyuzi isizidi namba hizo, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Amplifaya ina fyuzi zake.

Weka fyuzi sentimita 45 au chini ya hapo kutoka betri. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Nyaya nyingi za bei rahisi sokoni ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ndani pakiwa peupe, ni alumini. Haipitishi umeme vizuri kama shaba, kwa hiyo chukua waya mnene zaidi kwa saizi moja. Pia kuna nyaya zenye ganda nene na nyuzi chache ndani, na zinaitwa geji 4 vilevile. Iangalie shaba yenyewe kabla ya kulipa.

14. Arthi nzuri ni ipi?

Fupi, chini ya sentimita 50 ikiwezekana, yenye unene sawa na waya wa chanya. Tafuta bati nene la bodi, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, bana kwa bolti na washa yenye meno, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Skurubu ya plastiki ya buti nayo haifai, na watu wameijaribu.

15. Redio yangu haina RCA wala waya wa rimoti. Nifanyeje?

Redio nyingi za kiwandani, zikiwemo za magari yaliyoletwa kutoka Japani, ziko hivyo. Kama amplifaya ina mlango wa kupokea nyaya za spika, chukua sauti kwenye spika za nyuma uiingize hapo. Kama haina, nunua kigeuzi cha nyaya za spika kuwa RCA. Waya wa rimoti uchukue kwenye umeme unaowaka na swichi ya gari. Usiuchukue moja kwa moja betri: amplifaya haitazima, na asubuhi gari halitawaka.

## Kuseti

16. Geini niiweke wapi?

Geini inalinganisha amplifaya na redio. Haiongezi nguvu, na kuifungua hadi mwisho ndiyo sababu kubwa ya koili kuungua. Tumia multimita.

Zidisha wati unazotaka kwa omu ulizofunga, tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hizo ndizo volti zako. Wati 500 kwenye omu 2: 1000, kipeuo chake ni 31.6. Wati 300 kwenye omu 4: volti 34.6. Sasa chomoa sabufa kwenye amplifaya. Kwenye redio weka besi na trebo sifuri, na volumu robo tatu. Kwenye amplifaya zima kiongeza besi. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 50, desibeli 0, injini ikinguruma. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye pini za spika, upandishe geini polepole hadi ufike volti zako, basi. Volumu hiyo ya redio ndiyo mwisho wako kuanzia siku hiyo.

17. LPF na ile nyingine ya chini je?

LPF, kichujio kinachopitisha besi tu, anza na hezi 80. Ukisikia sauti za waimbaji kwenye buti, shusha. Kichujio cha chini, chenye jina SUBSONIC, ni muhimu kwa boksi lenye tundu: kiweke chini kidogo ya hezi ambazo boksi limetengenezewa, mara nyingi 25 hadi 30. Chini ya hapo hewa haiizuii tena karatasi, na sabufa inajigonga hadi ipasuke. Boksi lililozibwa halikihitaji sana.

## Ikigoma

18. Kila kitu kimewaka lakini besi hakuna, karatasi inatikisika kidogo tu.

Koili moja imegeuzwa chanya na hasi. Moja inasukuma juu, nyingine inavuta chini, na wati zote zinageuka joto. Zima mara moja, maana karatasi isiposogea hakuna upepo wa kupooza koili. Multimita haitakuonyesha kosa hili. Omu zitasoma sawa kabisa.

Chomoa nyaya zote. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya yake kwenye chanya ya koili ya kwanza na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Karatasi iruke nje. Rudia kwa koili ya pili. Ikirudi ndani, alama za pini hizo zimekosewa, na utafunga kinyume na zilivyoandikwa. Kwa sabufa mbili, koili zote nne zisukume nje.

19. Taa ya PROTECT (ya ulinzi) inawaka.

Chomoa nyaya za spika uwashe tena. Ikizima, tatizo liko upande wa sabufa: omu ziko chini mno (rudi swali la 6 na la 7), uzi mmoja wa waya umegusa wa pili, au koili imeungua. Ikiendelea kuwaka bila spika, chomoa RCA. Bado? Pima volti kwenye amplifaya yenyewe injini ikiwa hai. Zikiwa chini ya 12, arthi au waya wa umeme ni dhaifu. Volti zikiwa sawa, amplifaya imekufa kwa ndani.

Ikiwaka baada ya nusu saa ya muziki tu, ni joto. Itoe chini ya zulia na usiifunge kwenye boksi linalotetemeka. Taa za mbele zikififia kila besi inapogonga, kabla ya kununua kapasita ongeza unene wa nyaya tatu: altaneta kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi.

## Hali zisizo za kawaida

20. Naweza kuweka kila koili kwenye chaneli yake?

Ndiyo, na kwa D2 yenye amplifaya ya chaneli mbili inayomudu omu 2 kila upande ni njia nzuri. Chaneli zote zipate sauti ileile ya mono, na geini zilinganishwe kwa multimita, si kwa macho. Amplifaya mbili tofauti, kila moja na koili yake, nazo zinawezekana zikiwa za aina moja na volti sawa. Usiunganishe kamwe pini za amplifaya mbili kwenye koili moja.

21. Koili moja imeungua. Nitumie iliyobaki?

Kwa muda, ndiyo. Bonyeza karatasi taratibu kwa mikono miwili: ikikwaruza, iache. Isipokwaruza, tumia koili nzima peke yake, ukijua sabufa sasa inabeba nusu ya wati na besi yake itakuwa legevu zaidi. Pini za koili usiyoitumia ziache wazi. Ukiziunganisha zenyewe kwa zenyewe, koili hiyo inakuwa breki dhidi ya nyingine.

22. Nichanganye D2 na D4 kwenye amplifaya moja?

Usifanye. Zikiwa sambamba, yenye omu ndogo inakula wati nyingi. Zikiwa mfululizo, yenye omu kubwa ndiyo inayokula nyingi. Kwa vyovyote moja inafanya kazi ya mbili.

23. Nataka kuitumia nyumbani.

Sabufa ya D4 mfululizo ni omu 8, na amplifaya nyingi za nyumbani zinaipokea bila shida. Kuitumia amplifaya ya gari ndani ya nyumba ndiko kugumu: wati 300 RMS zinataka karibu ampea 27 za volti 12 hadi 14, na adapta ya kamera ya ampea 5 itazima kwa besi ya kwanza. Tafuta pawasaplai ya ampea 30 au zaidi. Ukiamua kutumia betri ya gari na chaja, iweke mahali penye hewa, kwani betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na fyuzi ya swali la 13 inahitajika hapo vilevile.